Jumba la Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, nendeni jamani

Mimi nilikua namtafuta bibi wa bibi yangu mzaa mama, kwetu tulijua tu aliletwa Unguja mtoto. Basi pale Kilimani nikaomba lile daftari la watumwa walioachwa huru na balozi wa Uingereza, Rigby, 1860 na 1861, wale waliokua kwa Wahindi. Karatasi zimegeuka rangi ya chai, wino umefifia, jina moja moja, umri, kabila, na jina la bwana wake. Nimelia wallahi. Jina lake lipo, na kabila lake Myao, kama tulivyosimuliwa. Ila nenda na subira na mtu anaesoma mwandiko wa zamani, maana jina moja linaandikwa hivi na vile. Nyota 5.