Famasi ya barabara ya 12, Ngamiani: hawakuuzii ovyo

Mwenye mtoto mdogo hapa Ngamiani, Tanga, namwelekeza kwenye famasi ya barabara ya 12 yenye mlango wa kijani. Duka dogo, feni inapiga kelele, na jioni utasimama mpaka magoti yakuume. Nyota moja wameikosa hapo. Lakini yule binti wa dirishani kazi anaijua.

Mjukuu wangu alibanwa kifua. Zahanati muuguzi alimpandisha fulana, akahesabu pumzi dakika nzima: 52. Kwa mtoto wa mwaka na nusu, kuanzia 40 ni mbio. Akaandikiwa amoksilini ya kuyeyusha. Mimi moyoni nataka azuma, ile azithromaisini, shoga zangu wote wanaisifia, siku 3 umemaliza.

"Shikamoo bibi. Mtoto ana kilo ngapi?"

"Marahaba mwanangu. 11. Nipe azuma."

Hakunipa. Nimonia ya watoto, akasema, mara nyingi inaletwa na kijidudu kiitwacho pneumokoki, na amoksilini ndiyo inayoanza hapo. Azuma daktari huandika akishuku vijidudu vya namna nyingine, kama mikoplasma. Septrini, tuliyolelea watoto wetu sisi, vijidudu vingi vimeshaizoea. Sindano za ampisilini na jenta (jentamaisini) ni za mtoto aliyezidiwa: hanyonyi, anatapika kila kitu, au ana degedege. Huyo akimbizwe hospitali ya Bombo, asiletwe dirishani.

Sasa dawa yenyewe. Vidonge vya miligramu 250, kwa uzito wake viwili asubuhi na viwili jioni, siku 5. Unakitia kwenye kijiko chenye maji, kinafura, kinasambaratika chenyewe, mtoto analamba. Ile ya unga wa chupa sina hamu nayo: uchemshe maji, uyapoze, ujaze mpaka kwenye alama, utikise kila mara, na ukishaichanganya haikai sana. Friji sina, na joto la Tanga mnalijua.

Kuna duka jingine, silitaji, ukisema hela haitoshi wanakukatia nusu dozi. Binti huyu hakati. Alinihesabia vyote 20, akaandika saa 1 asubuhi na saa 1 jioni juu ya bahasha, akanisomea kwa sauti. Na akaniambia siku ya tatu mtoto akiwa bado anahema, nirudi zahanati, nisirudi kwake kutafuta dawa kali zaidi.