Jumamosi nne kwa mchoraji wa Tingatinga, Oyster Bay

Mwaka wa tisa huu natengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi kwenye ofisi ya uchapaji, Kariakoo. Kazi ninaiweza. Lakini tangu mwaka jana nikiwasha kompyuta asubuhi mkono unakuwa mzito: maua yale yale ya dhahabu, mwandiko ule ule, nabadilisha majina tu. Mteja akisema "niwekee kama ile ya juzi", naweka kama ile ya juzi. Rafiki yangu ndiye aliyeniambia niende Oyster Bay kwa wachoraji wa Tingatinga, ule mtindo wa picha wenye jina la mwanzilishi wake, wapo wanaofundisha.

Mzee aliyenipokea simtaji jina kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Tulielewana shilingi 35,000 kwa Jumamosi, hadibodi, ule ubao mwembamba wa kuchorea, anatoa yeye, rangi tunachangia. Elewaneni bei kabla hujashika brashi.

Siku ya kwanza sikuchora mnyama hata mmoja. Nilipaka rangi ya nyuma: buluu juu, ikishuka inafifia hadi nyeupe, chini njano, zote zikiwa mbichi ili zilane zenyewe. Kisha akaiweka hadibodi kando na kuniambia, "Basi mwanangu, tutaonana wiki ijayo." Rangi ya mafuta haikauki kwa kuharakishwa. Niliondoka nimekasirika kidogo, nikaona kama nimelipia nusu ya kazi. Leo hiyo ndiyo Jumamosi ninayoisifu kuliko zote, maana kazini kwangu kadi ikichelewa saa moja simu zinaanza kulia.

Wiki ya pili akanipa kanga, yule ndege. Mwili mweusi niliumaliza haraka. Madoa ndiyo yaliyonichukua saa tatu. Hutumii brashi, unachonga njiti, unaichovya kwenye nyeupe, unaigusisha na kuinua wima. Ukiivuta kidogo tu, doa linaota mkia. Yanaanza madogo shingoni, yanakua kadiri unavyoshuka tumboni, na hapo ndipo ndege anapopata unene. Mwalimu alikuwa akinyamaza, halafu ghafla anasema "hilo" na kuonyesha doa moja kati ya mia. Kila mara lilikuwa ndilo nililoliweka nikiwaza mambo mengine. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili, na sikuwa nimetazama simu tangu asubuhi. Sikumbuki lini mara ya mwisho kazi ilinifanyia hivyo.

Nilimuuliza kwa nini rangi ya makopo na si rangi za wasanii zinazouzwa ghali. Akasema ndiyo aliyoishika Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, ile ya kupaka baiskeli, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Mtu wa Tunduru, aliyezaliwa 1932, akapita mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuja Dar. Alianza kuchora mwaka 1968, na mkewe Agatha akiziuza picha hapo hapo Oyster Bay, nje ya duka la Morogoro Stores. Mwaka 1972 alikuwa ameshafariki. Miaka minne tu! Waliobaki ni ndugu na vijana aliowafundisha, nao wakafundisha wengine, mpaka huyu mzee, mpaka mimi na njiti yangu.

Sasa malalamiko. Mwalimu wangu ni mchuuzi pia, na wageni wakiingia anakuacha nusu saa nzima. Ukiwa umekwama unabaki umekwama. Harufu ya rangi na mafuta ya taa ni kali, mwenye pumu asijaribu. Na kopo nililojinunulia duka moja la mjini lilikuwa limeganda juu kama uji uliolala. Fungua pale pale dukani kabla hujalipa.

Kazi sijaiacha. Ila mwezi uliopita mteja alipotaka "kama ile ya juzi", nilimwomba anipe siku mbili. Nikachora pindo la madoa kwa mkono kuzunguka kadi, nikalipiga picha, nikaliingiza kwenye kompyuta. Mama wa bibi harusi alilipitisha kidole, akasema hili ni pindo la leso. Kweli, leso ndiyo hiyo nguo ya kanga, na wengi husema ilipata jina kwa madoa ya ndege huyo. Tangu hapo nimepata oda tatu za kuchora kwa mkono, na nimemwomba bosi Jumatano iwe siku ya hizo tu. Amekubali kwa majaribio.

Natoa nyota nne kati ya tano. Anayetaka picha ya kuondoka nayo siku hiyo hiyo anunue iliyokwisha, zipo nzuri sana. Yangu iko juu ya kabati, ndege watatu, wa mwisho hana miguu. Mzee amenikataza kuigusa mpaka aione. Jumamosi hii narudi na kopo jipya la nyeusi.