Nimetoka ATEM Mini Pro nikaenda Television Studio HD8 (swicha za Blackmagic za kuchagua kamera ipi iende hewani), hela inakoenda ni huku

Wote mnaouliza inboksi kama inalipa kuhama, jibu langu ni inalipa, ila sio kwa sababu mnayodhani. Picha haibadiliki. Shangazi anayeangalia harusi YouTube kwenye simu huku bando linakata hawezi kujua hii imetoka kwenye swicha ya dola kama mia tatu au ya kama elfu tatu, zote mbili mwisho wake 1080p, na anayeota 4K atafute ndugu yake, Television Studio 4K8, maana HD8 haina.

Unacholipia kwanza ni waya, Mini Pro inaingiza HDMI, HD8 inaingiza SDI, waya wa video wa mitambo ya kitaalamu. HDMI haina loku, mtu akipita na kiti tu umechomoka, na kwenye kamera ya Sony A6400 ndo kabisa, kile kitundu cha micro HDMI kikilegea hakuna tena shuti hapo. Alafu urefu, ukivuka mita 10 au 15 unaanza kubahatisha, na kumbi zetu za Dar mnazijua, maharusi wako kule mbele kwenye maua, meza ya mitambo mmewekwa nyuma karibu na watu wa msosi. SDI unazungusha kichwa chake cha BNC kinakaza, unavuta mita 70 au 80 kupitia ukutani, umemaliza, unaenda kula.

Ila waya wenyewe muwe makini jamani. Dukani utapewa ule wa CCTV una BNC vilevile na bei nzuri, muuzaji anakuapia kabisa kwamba ni huohuo. Sio huohuo. Unatakiwa waya wa ohm 75, RG6 wa shaba, Belden 1694A ukiupata ndo wenyewe. Ule wa bei ya kutupa shaba yake imepakwa juu tu, kwa kamera ya getini sawa, ukipitisha 3G-SDI (SDI inayobeba 1080p) mbali kidogo picha inaanza kumetameta au inazima kabisa, na itazima wakati wa keki, sio wakati wa kupima.

Kitu cha pili ni leya, yaani tabaka za vitu unavyoweka juu ya picha, na hapa watu wa kanisani ndo watanielewa. Mini Pro ina sehemu moja ya kuweka grafiksi juu ya picha na nyingine moja ya kidirisha au grinskrini, basi, kwa hiyo unachagua, logo ikae au mstari wa Biblia, mkalimani wa lugha ya alama awepo pembeni au asiwepo. HD8 ina nne za upstream (za kidirisha na grinskrini) na mbili za downstream (za grafiksi) na bado kuna SuperSource (ya kupanga picha kadhaa kwenye skrini moja), vyote vinakaa pamoja bila ugomvi na mchungaji akibadilisha andiko ghafla haugusi logo. Ile fader ya mkono, kijiti cha kuvuta kubadilisha picha, pia tamu, sio lazima ila tamu.

Sasa ambacho matangazo hayasemi kwa sauti. Zile sifa za kumrekebishia kameramani rangi ukiwa umekaa kwenye swicha, taa nyekundu kuwaka kwenye kamera iliyo hewani, kuongea nae kupitia waya uleule, hizo ni za wenye kamera za Blackmagic. Mimi nina kamera za Sony Z190, sipati hata moja, ikabidi ninunue hedseti za Solidcom, za kuongea na kameramani bila waya, pembeni, na kusema ukweli hizo hedseti zimebadilisha kazi kuliko swicha yenyewe, saivi hakuna kupiga miluzi wala kumtuma dogo akamwambie kamera mbili avute karibu. Z190 zumu yake mara 25, SDI ipo, XLR za maiki zipo, inashuti siku nzima, ila sensa zake ndogo, MC akizima taa maharusi waingie na mishumaa utaikumbuka A6400.

HD8 pia haina HDMI ya kuingiza hata moja. Laptop ya slaidi inataka konveta ya HDMI kwenda SDI, na jamaa wa LED skrini nae atakuja kakushikia HDMI yake mkononi anasubiri, pengine konveta nyingine hiyo. Umeme inachomeka moja kwa moja bila adapta, betri haina, UPS ni lazima.

Kama hela haitoshi yote usianze na swicha. Anza na kamera zenye SDI na waya mzuri, mezani weka konveta za SDI kwenda HDMI, chomeka kwenye Mini Pro uliyonayo, zile HDMI fupi hapo mezani hakuna wa kuzikanyaga. Hedseti zifuate. HD8 iwe ya mwisho, siku kamati inataka kamera zaidi ya nne. Na Mini Pro yangu msiniulize bei, siuzi, inaenda kwenye misiba, familia ikitaka tu ndugu walioko Muscat na London waone mazishi, inaingia kwenye begi na kamera mbili na kazi inaisha.