Kipimo cha jeni 21 cha saratani ya matiti: uzoefu wangu, na BCL2 iliyoninyima usingizi

Nimefanyiwa kipimo cha Oncotype DX, wengi tunakiita tu kipimo cha jeni 21, na naandika sababu kipindi nasubiri majibu nilitafuta sana mtu aliyeeleza kwa Kiswahili kilichomo ndani yake nikakosa. Nina miaka 54, uvimbe ulikuwa wa sentimita 1.8, tezi za kwapani safi, vipokezi vya homoni vipo, HER2 (protini inayoharakisha kansa kukua) hasi. Nilichotaka kujua ni kimoja, napigwa kemo au sipigwi.

Hukatwi tena wala hutobolewi. Wanachukua kipande cha uvimbe uleule uliotolewa kwenye operesheni, kile kilichohifadhiwa kwenye nta, wanaangalia jeni 21 zinafanya kazi kwa kiasi gani, 16 ni za kansa na 5 za kulinganishia, afu hesabu inatoa alama kuanzia 0 mpaka 100, ikiwa juu maana yake hatari ya kansa kurudi ni kubwa zaidi. Shida niliyopata mimi ni maabara ya hospitali niliyofanyiwa operesheni, walikaa na kipande changu karibu wiki 3, kila nikipiga simu naambiwa kesho, mpaka mdogo wangu akaenda akakaa pale mlangoni hadi kikatoka. Kilipoondoka tu, siku 13 majibu haya hapa.

Sasa kilichonitesa. Nikiwa nasubiri nikaanza kusoma zile jeni moja moja nikafika BCL2. Kumbe kila seli ina mpango wake wa kujiua ikiharibika, wataalamu wanauita apoptosisi, seli inanywea, inajikata vipande vidogo na seli za jirani zinavimeza kimyakimya, na kazi ya BCL2 ni kukaa kwenye mitokondria (vile vinu vya nguvu vya seli) na kuuzuia huo mpango usianze. Iligunduliwa kwenye limfoma (kansa ya mfumo wa limfu) miaka ya 1980, hata jina lake limetoka huko. Nikarudi kwenye karatasi yangu ya patholojia nikaona wameandika BCL2 iko juu, jamani, usiku ule sikulala, nilijiambia basi hii yangu ni kansa iliyogoma kufa.

Dokta wangu nilimpelekea ile karatasi hata salamu sijamaliza. Akaniambia mama kaa, kwenye titi hiyo ni dalili nzuri. BCL2 inawashwa na estrojeni kupitia kipokezi chake, kwa hiyo ikiwa juu mara nyingi maana yake njia ya homoni bado inafanya kazi kwenye zile seli, zinakua taratibu na vidonge vya kuzuia homoni vina pa kushika. Ndani ya hesabu ya kipimo imewekwa kundi moja na kipokezi cha estrojeni, cha projesteroni na jeni inaitwa SCUBE2, na kundi hilo linashusha alama. BAG1, mshirika wake BCL2, nayo inashusha kidogo. Ila survivini, ambayo nayo inazuia seli kufa, inapandisha! Yenyewe inajaa seli zikiwa kwenye kugawanyika, ndo maana wameiweka na Ki67, jeni nyingine inayoonyesha seli zinagawanyika, na hilo kundi la kugawanyika ndo lenye uzito kuliko mengine yote. Yaani jeni mbili zote zinazuia kifo cha seli, moja inakupa matumaini nyingine inakuonya, na mimi nilikuwa nimesoma moja peke yake nikajihukumu.

Alama yangu ilikuja 17. Kuna utafiti mkubwa unaitwa TAILORx, majibu yake yalitoka 2018, ulikuwa na wanawake zaidi ya 10,000 ambao tezi zao za kwapani hazikuwa na kansa, na kwa waliopita miaka 50 wenye alama 11 mpaka 25 kuongeza kemo juu ya vidonge vya homoni hakukuwaletea faida ya maana. Kwa hiyo nilipewa mionzi na kidonge kimoja kila siku kwa miaka 5. Viungo vinauma asubuhi, sitaficha, lakini kemo sikupigwa.

Kama aina yako ni ya homoni na HER2 hasi ulizia hiki kipimo kabla hujaanza dripu. Ukiwa na HER2 chanya au ile isiyo na vipokezi vyote 3 hakikuhusu, usihangaike nacho. Na alama usiisome bila umri wako. Dada mmoja tuliyekuwa tunakaa naye benchi moja kliniki ana miaka 43, alama yake 19, nikamrukia kwa furaha nikidhani naye kaepuka kemo, kumbe kwa walio na miaka 50 kushuka chini, kuanzia 16 mpaka 25 faida fulani ya kemo ilionekana, na dokta wake alikaa naye saa nzima wanapima pande zote. Alichagua kemo. Wiki hii amemaliza dozi ya tatu, jioni huwa namtumia meseji nimuulize kama amekula.