Baiskeli za kukodi za Santander Cycles, London: jioni tamu, asubuhi kero

Jumapili ya mwisho ya Machi saa za Uingereza husogezwa mbele, na jua la London lililokuwa likizama saa kumi na mbili na nusu jioni huanza kuzama saa moja na nusu. Mwanga huo wa ziada baada ya kazi ndio wa kuchezea kwa mtu aliyepita njia ileile ya chini kwa chini tangu Novemba. Baiskeli nyekundu za Santander Cycles zinafaa sana kwa jambo hili. Zilianza tarehe 30 Julai 2010, na wengi bado huziita kwa jina la Boris Johnson, aliyekuwa meya wakati huo.

Uzuri wake ni kwamba hulazimiki kuirudisha ulikoitoa. Unaichukua Tower Hill, unaiacha Westminster, unamalizia kwa miguu au kwa basi. Mwenye baiskeli yake binafsi hana uhuru huo: akija nayo asubuhi, jioni sharti arudi nayo, mvua inyeshe isinyeshe.

Kuichukua ni hivi. Kwenye programu ya simu chagua kituo cha baiskeli ulichopo, upewe namba ya siri ya tarakimu tano zilizotokana na 1, 2 na 3 tu. Usiibonyeze bado. Kwanza kagua: minya matairi kwa kidole gumba, kamata breki zote mbili, zungusha pedali kwa nyuma uone kama mnyororo unanung'unika. Kiti kikiwa kimegeuzwa nyuma, mara nyingi ni ishara ya mpandaji aliyetangulia kwamba baiskeli ina hitilafu, iache. Ukiridhika, bonyeza namba kwenye nguzo inayoishika baiskeli, subiri taa ya kijani, kisha vuta kwa nguvu. Isipotoka, shika kiti uinue baiskeli kidogo huku ukivuta. Gurudumu la mbele hukwama kwa sababu baiskeli ni nzito, na zile za mwanzo zilikuwa na kilo 23 hivi.

Uzito huo utausikia kwenye kila kilima. Gia ni tatu, unabadilisha kwa kuzungusha mshikio, na hata ya tatu haikimbii. Kwa jioni si kasoro. Mnyororo umefunikwa na fremu haina bomba la juu, hivyo mwenye gauni au suruali pana hapati shida, ingawa pindo refu ni heri kulifunga. Taa zinawaka zenyewe kwa dinamo. Kinachoudhi ni pale mbele pa kubebea mzigo: ni kibao chenye mpira wa kufungia, si kikapu. Mkoba mdogo huchomoka ubavuni ukipita penye shimo, kwa hiyo zungusha mkanda wake kwenye usukani kabla ya kuubana. Kufuli hakuna, basi usidhani utasimama dukani ukaiacha nje.

Kuirudisha ndiko watu wanakoliwa fedha. Sukuma kwa nguvu ndani ya nguzo na usiondoke mpaka taa ya kijani iwake, kisha ivute kidogo kuhakikisha. Isipowaka, kwa mtambo baiskeli bado iko mikononi mwako na saa inahesabu. Kituo kikiwa kimejaa, utaratibu unaruhusu kuomba dakika 15 za ziada bila malipo ili utafute cha jirani. Anayelipia safari mojamoja hutozwa kwa kila nusu saa, ya pili ikianza analipa tena. Mwanachama wa mwezi au mwaka hupewa dakika 60 kwa safari.

Asubuhi hatuipendekezi. Waterloo na King's Cross abiria wa treni huzimaliza mapema, na wakati huohuo vituo vya City, eneo la mabenki na ofisi, vinajaa hadi hakuna nguzo tupu. Utazunguka ukitafuta pa kuiacha huku umechelewa.

Kwa kuanzia, fuata njia ya baiskeli namba 3, C3, kutoka Tower Hill hadi Westminster kandokando ya Thames. Ni kama kilomita nne, na sehemu kubwa imetengwa na magari kwa ukingo wa zege. Dakika 20 zinatosha. Hapo iache, ukatize St James's Park kwa miguu. Humo wamo ndege aina ya wari (pelikani) tangu 1664. Kipande hicho cha miguu usikiruke. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, walionyesha kwamba watu hutoa mawazo mapya mengi zaidi wanapotembea kuliko wakiwa wamekaa. Walipima kutembea, si kuendesha, na ukiwa barabarani utaona sababu: akili yote iko kwenye basi la mbele. Baiskeli inakutoa kwenye njia ya mazoea. Wazo lenyewe linakuja ukishashuka.

Aliyezoea barabara za Kenya, Tanzania au Uganda anajua kupita kushoto. Anayetoka Congo, Burundi, Rwanda au Oman awe macho kwenye mizunguko, hasa akichoka, maana shingo hugeuka upande iliozoea. Kwa wote: usipenye kushoto mwa lori kwenye taa, kwa kuwa likikata kushoto dereva hakuoni. Kofia ngumu haitolewi wala sheria haiilazimishi. Njoo na yako.

Tangu 2022 zipo pia za umeme. Zinafaa kwa upepo wa darajani na vilima vya Islington, ila kwa C3 iliyo tambarare ni kulipa zaidi bure. Vituo havifiki Tottenham, Barking wala Woolwich, kwa hiyo mkazi wa huko aitumie kwa kipande cha mjini tu, aishie karibu na stesheni yake ya treni.