Runx ya 1.5: ufunge turbo au ubadilishe injini?

Toyota Runx yenye injini ya 1NZ-FE ina nguvu-farasi 109 hivi. Ukitaka zaidi bila kumaliza akiba, kuna njia mbili.

Turbo, yaani feni inayoisukumia injini hewa zaidi, inavutia kwa sababu injini inabaki ileile. Lakini 1NZ iliundwa ivute hewa yenyewe: mgandamizo wake tayari ni mkubwa, 10.5 kwa 1, na konrodi zake (vyuma vinavyounga pistoni na krenki) ni nyembamba. Ukiisukumia hewa nyingi bila mpangilio sahihi wa mafuta, petroli hulipuka kabla ya wakati na pistoni hutoboka. Kwa hiyo bei ya turbo peke yake inadanganya. Utahitaji nozeli kubwa za mafuta, intakula (kipoza hewa ya turbo), ekzosi mpya, na fundi wa kupanga upya kontroboksi, yaani kompyuta ya injini. Huyo fundi ndiye adimu, na ndiye wa kutafutwa kwanza.

Mimi ningebadilisha injini. Toyota yenyewe iliifunga 2ZZ-GE ya nguvu-farasi 190 kwenye Runx Z, hivyo inaingia bodi hiyohiyo. Nunua seti nzima kutoka gari moja: injini, gia boksi, nyaya, kontroboksi, na breki kama zipo. Nguvu yake huja juu, baada ya mizunguko 6,000 kwa dakika. Kwenye foleni hutaisikia sana. Namba mpya ya injini iandikishwe kwenye kadi ya gari.