Miezi 14 na Firefox: kivinjari cha kwanza nilichokichagua mwenyewe

Mdogo wangu aliazima kompyuta yangu kwa dakika kumi tu, akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Kwani hiki kivinjari ulikichagua wewe?" Nikafungua mdomo nijibu, nikaufunga. Sikukichagua. Nilikikuta kwenye simu, nikakizoea, na nilipopata kompyuta nikakifuata huko huko kwa sababu alamisho na manenosiri yangu yalishakuwa kule. Mimi ni mtu wa kusoma maoni ya watu thelathini kabla ya kununua spika za masikioni, lakini programu ninayoshinda nayo kutwa nzima sikuwahi kuitazama kwa jicho la mnunuzi.

Ndipo nikahamia Firefox. Nikiri mapema kwamba na kile cha zamani sikuwa na ugomvi. Nilitaka tu kujua kama naweza kuondoka.

Kuhama kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Alamisho na historia zilikuja zenyewe baada ya kubonyeza mara mbili tatu. Manenosiri niliyatoa kama faili la CSV, nikaliingiza upande wa pili, yakatulia. Hapa niliteleza mimi mwenyewe, na nakuonya usinifuate: faili lile ni maandishi matupu, yeyote akilifungua anasoma kila kitu, nami nililisahau kwenye folda ya vipakuliwa kwa wiki tatu. Ukimaliza kuhamisha, lifute, halafu safisha na pipa la taka.

Wiki ya kwanza vidole vilinisaliti. Karibu vifupisho vyote vya kibodi ni vile vile, isipokuwa kimoja. Kule nilikotoka, Ctrl+Shift+N hufungua dirisha la faragha. Kwenye Firefox, dirisha la faragha ni Ctrl+Shift+P, na Ctrl+Shift+N hurudisha dirisha ulilolifunga punde. Fikiria uko kwenye kikao cha video, umeonyesha skrini yako, unataka dirisha safi lisilo na mambo yako, unabonyeza, na yanaibuka yale yale uliyoyafunga dakika mbili kabla ili wenzako wasiyaone. Kwangu yalikuwa mapendekezo ya dawa ya chunusi. Tuliendelea na kikao.

Kilichonibakiza hasa ni kontena za vichupo. Ni kiendelezi, yaani programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari, cha Mozilla wenyewe wanaotengeneza Firefox, na kinaitwa Multi-Account Containers. Unafungua kichupo cha rangi ya bluu kwa akaunti ya kazini, cha kijani kwa ya nyumbani, na kila kimoja kinajitegemea: vidakuzi vya bluu havijui kwamba kijani kipo. Zamani nilikuwa na barua pepe mbili zinazogombania kichupo kimoja, toka, ingia, toka, ingia, na siku moja nikamtumia bosi ujumbe wa birthday kutoka akaunti ambayo jina lake nililitunga nikiwa kidato cha pili. Tangu nipate kontena, aibu hiyo haijajirudia. Vivinjari vingine vina wasifu tofauti tofauti, lakini kila wasifu hufungua dirisha lake. Hizi hukaa pamoja kwenye dirisha moja, zikitofautishwa kwa rangi tu, na kwa mtu mwenye vichupo vingi kama mimi tofauti hiyo ni kubwa.

Kuna na ulinzi ambao haukuhitaji niwashe chochote. Tangu Juni 2022 Firefox ya kompyuta huweka vidakuzi vya kila tovuti kwenye mtungi wake. Vidakuzi ni yale mafaili madogo tovuti inayoyaacha kwako ili ikukumbuke, na kwa tovuti uliyoingia mwenyewe havina ubaya. Shida ni mgeni wa tatu, kampuni ya matangazo iliyojibanza ndani ya kurasa elfu moja, inayosoma kidakuzi kile kile kila unakokwenda na kujua kwamba aliyesoma habari za uchaguzi asubuhi ndiye aliyetafuta godoro jioni. Mitungi ikitenganishwa, mgeni huyo kila mahali anakuona mtu mpya. Kwangu, godoro lililonifuata miezi miwili liliacha kunifuata. Sisemi hawanifuatilii kwa njia nyingine. Nasema godoro limeniacha.

Matangazo ni habari nyingine. Natumia kiendelezi cha kuyazuia, uBlock Origin ya Raymond Hill, bwana ambaye hata michango hapokei. Google ilipoanza mwaka 2024 kuviondoa kwenye Chrome viendelezi vya mfumo wa zamani, uBlock Origin ilikuwa miongoni mwake, ikabaki nyingine nyepesi zaidi yenye uwezo mdogo. Firefox iliendelea kuikubali ile kamili. Na kwenye simu ya Android, tangu Desemba 2023, viendelezi vimefunguliwa kwa upana, kwa hiyo kizuizi kile kile kipo mfukoni. Hapo ndipo nilipoona tofauti kwa macho, kwa sababu ukurasa wa habari kwenye simu, ukitoa video zinazojicheza zenyewe, hufunguka kabla hujaanza kuguna, na bando linakaa. Mwenye iPhone asitegemee hayo. Apple huvitaka vivinjari vyote kwenye simu zake vitumie injini yake ya WebKit, ile sehemu ya ndani inayogeuza msimbo wa tovuti kuwa ukurasa unaouona, kwa hiyo Firefox ya kule ni nguo mpya juu ya mwili ule ule. Umoja wa Ulaya ndiko sharti hilo lilikolegezwa kwanza, Machi 2024.

Najua kuna atakayeniuliza, na waandishi wanaoishi kwa matangazo hayo watakula nini? Sina jibu safi. Kuna tovuti mbili ninazozisoma kila siku nilizoziruhusu zionyeshe matangazo, moja kwa mapenzi, nyingine kwa sababu waliniomba kwa adabu. Zilizobaki nazizuia na nalala usingizi.

Upande wa kero. Ilinitokea mara tatu tovuti kuniambia kivinjari changu hakifai. Mojawapo ilikuwa huduma ya mikutano ya video: ukurasa mweupe, maneno mawili ya pole, na kitufe cha kupakua kivinjari kingine. Nikatafuta kiendelezi cha kubadilisha utambulisho ambao kivinjari hutuma kwa tovuti, nikaifanya Firefox ijitambulishe kwa jina la mwingine, nikarudi. Ikafunguka. Sauti safi, picha safi, saa nzima bila tatizo. Maana yake mlango haukuwa umeharibika. Kulikuwa na bawabu tu aliyeagizwa asinipitishe.

Kichekesho ni kwamba kudanganya jina ni mchezo wa zamani kuliko Firefox yenyewe. Hadi leo Chrome, Safari na Edge vyote hujitambulisha kwa kuanza na neno "Mozilla/5.0", masalia ya miaka ya 1990, wakati tovuti zilipompa Netscape, kivinjari cha enzi hizo kilichotumia jina hilo, kurasa nzuri na wengine makombo, nao wengine wakaamua kujiita kama yeye. Leo mwenye jina halisi ndiye anayelazimika kujiita mwingine.

Sababu ya mabawabu hawa si siri. Injini kubwa zilizobaki ni tatu: Blink ya Google, WebKit ya Apple na Gecko ya Mozilla. Opera iliacha injini yake mwaka 2013, Microsoft ikaiacha yake na kuitoa Edge mpya Januari 2020, wote wakaingia kwa Google. Mtengeneza tovuti mwenye haraka anajaribu kazi yake kwenye Blink, anaona inakwenda, anafunga ofisi.

Michezo sasa, maana hapo nilikuwa na wasiwasi zaidi. Michezo mizito siichezi kwenye kivinjari, lakini ile midogo ya dakika tano naipenda kuliko ninavyokiri mbele za watu. Pedi yangu ya kuchezea michezo niliichomeka ikatambuliwa papo hapo. Michezo inayotaka teknolojia mpya ya picha, WebGPU, ilinibidi niisubiri: Chrome iliipata 2023, Firefox ya Windows ikaipata Julai 2025. Kama hilo ndilo unaloishi nalo, liweke kwenye mizani.

Kwangu furaha ilitoka upande ambao sikuutarajia. Nilikulia kwenye michezo ya Flash, ile ya kurusha mipira na kupanga malori, na Adobe ilipoizima mwisho wa 2020 nilidhani nimeizika. Kumbe kuna programu inaitwa Ruffle inayoifufua ndani ya kivinjari bila Flash yenyewe. Nikacheza usiku mzima mchezo nilioucheza nikiwa na miaka kumi na moja, na nikafia pale pale nilipokuwa nikifia, kwenye daraja la pili. Ruffle imeandikwa kwa lugha ya Rust, iliyolelewa Mozilla hadi ikatoka rasmi 2015, na inaendeshwa kwa WebAssembly, iliyochipuka kwa sehemu kutokana na majaribio ya wahandisi wa Mozilla hao hao. Inafanya kazi vizuri kwenye vivinjari vyote, kwa hiyo hii si alama ya ziada kwa Firefox. Ila kujua hivyo kulinifanya nilitazame lile daraja kwa heshima.

Halafu siasa, ambayo nilidhani iko mbali na jambo hili. Swali la mdogo wangu, kumbe serikali zimekuwa zikilibishania tangu nikiwa mtoto. Mwaka 1998 Marekani iliishtaki Microsoft, na hoja mojawapo ilikuwa kukifunganisha kivinjari chake, Internet Explorer, na Windows. Ulaya ikailazimisha kampuni hiyo kuwaonyesha watu skrini ya kuchagua kivinjari kuanzia 2010. Skrini ikatoweka kwenye sasisho moja la Windows 7, watu zaidi ya milioni 15 hawakuiona, na mwaka 2013 ikaja faini ya euro milioni 561. Tangu Machi 2024 sheria mpya ya Ulaya imeirudisha skrini ya kuchagua, safari hii kwenye simu.

Kisha Agosti 2024 jaji Amit Mehta, huko Washington, akaamua kwamba Google ilivunja sheria kulinda ukiritimba wake wa utafutaji. Katika kesi hiyo ilifahamika kwamba mwaka 2021 pekee ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe injini ya utafutaji unayoikuta tayari kwenye simu na vivinjari vya watu. Nililisoma hilo mara mbili. Fedha zote hizo kwa kitu ambacho mimi na wewe tunaweza kukibadilisha kwenye mipangilio kabla chai haijapoa. Wanaolipa wametujua vizuri. Septemba 2025 jaji huyo huyo alikataa kuilazimisha Google iuze Chrome. Alizuia mikataba ya kumfungia mlango mshindani, ila malipo yenyewe hakuyapiga marufuku kabisa.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa machungu kwa sisi tuliohama, kwa sababu sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla inatoka kwa Google, kwa mkataba huo huo wa kuwekwa kuwa injini ya kwanza. Mkono mtupu haulambwi. Kivinjari nilichokimbilia kinalishwa na mwenye kivinjari kikubwa kuliko vyote. Siku nilipojua hilo nikaibadilisha injini ya utafutaji kwa hasira, kisha nikakaa nikafikiri: kama fedha zile zinategemea watu kama mimi kutafuta kupitia Google, basi kwa kuiondoa nimemnyima chakula yule ninayedai kumuunga mkono. Nikairudisha. Wiki iliyofuata nikaiondoa tena, na hadi leo sina uhakika kama nilifanya sawa.

Mozilla nao si malaika. Februari 2025 walitoa masharti ya matumizi yenye lugha iliyowafanya watu wadhani wamejipa haki juu ya kila kitu unachokiandika ndani ya Firefox, wakalazimika kuyaandika upya ndani ya siku chache. Julai mwaka huo wakaifunga Pocket, huduma ya kuhifadhi makala za kusoma baadaye. Vichupo vya wima, ambavyo Edge ilikuwa navyo tangu 2021, vilifika Firefox mwaka 2025. Nimevipenda, lakini shangwe ya kuchelewa huwa na haya kidogo.

Nyota nne kati ya tano, kama lazima niweke nyota. Kontena peke yake zingetosha tatu.

Mdogo wangu, kwa taarifa yako, bado anatumia kile alichokikuta kwenye simu yake. Nilimuuliza kama alikichagua, akasema yeye aliuliza tu.

Kile cha zamani sikukifuta. Kuna fomu moja ninayoijaza kila baada ya miezi mitatu, na bawabu wake hadanganyiki kwa jina. Wiki iliyopita nilikifungua kwa ajili hiyo. Kikajisasisha, kikanikaribisha kwa jina langu, kisha kikaniuliza kama ningependa kiwe kivinjari changu cha kwanza. Nikabonyeza hapana, nikaanza kujaza fomu.